Karani wa korosho asiyeonja korosho

Saa 11 alfajiri. Nameza penisilamini, dawa ya kutoa shaba mwilini kwa sisi wenye ugonjwa wa Wilson, kwa maji matupu. Dawa hii haipatani na chakula, ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada, kwa hiyo chai na muhogo vinasubiri. Vitamini B6 nayo sikosi, maana penisilamini huipunguza mwilini.

Saa 2 asubuhi. Ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika, Tandahimba, mkoani Mtwara. Msimu umechanganya, magunia yamefika hadi barazani. Naandika uzito, kisha nakata sampuli: korosho ghafi unaipasua katikati, unatazama kiini kama ni cheupe, kina madoa au kimesinyaa. Mafuta ya ganda yanababua vidole, ndiyo maana majivu hayakosekani mezani.

Saa 4. Vijana wa kupakia wamekaanga zao. "Dada, onja basi, punje moja haiui."

Haiui, kweli. Ila nani aliwahi kula korosho moja? Gramu 100 zina takriban miligramu 2 za shaba, na mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 1 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa Wilson, ini lake linashindwa kuitoa iliyozidi kupitia nyongo. Inalundikana, ini linaota makovu, halafu shaba inasambaa hadi kwenye ubongo na macho. Mimi lilitangulia ini. Miguu ilivimba, tumbo likajaa maji, majirani wakasema homa ya ini na kikombe changu kikatengwa, wakati vipimo vya homa hiyo, aina ya B na C, havikuonyesha kitu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyenimulika macho akaona duara la kahawia pembezoni mwa konea, kioo cha mbele cha jicho.

Saa 7 mchana. Ugali na changu. Pweza, chaza na maini nimeacha. Uraka, pombe ya mabibo, ndiyo kabisa, hata wa harusini. Mgongo unauma, mwenzangu ananipa diklofenaki. Nakataa. Makovu ya ini yamevimbisha mishipa ya koo la chakula, na dawa za namna hiyo zinaweza kuifanya ivuje damu.

Saa 11 jioni. Nyumbani mdogo wangu anazunguka na dumu, anakusanya mkojo wa saa 24 ukapimwe shaba. Haumwi popote, lakini tumetoka tumbo moja kwa baba mmoja, na kila ndugu yangu ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa huu.

"Dada, na nikibanwa uwanjani?"

"Chupa hiyo hapo. Nenda nayo."

"Wenzangu watanicheka!"

"Basi leo uwe golikipa, uiweke nyuma ya nguzo."