Powerball: mpira mwekundu una mashine yake

Leo dukani jamaa kashika tiketi ya Powerball, bahati nasibu ya Marekani, furaha tele: "Nina 14, na 14 imetoka!"
Imetoka kweli. Ila imetoka nyekundu, na yeye kaijaza kwenye nyeupe.

Kwa wageni wa mchezo huu wa Marekani:
Unachagua namba 5 nyeupe kati ya 1 na 69, mpangilio hauna shida.
Kisha nyekundu moja, kati ya 1 na 26.
Mashine za mipira ni mbili. Ndiyo maana 14 inaweza kutoka mara mbili usiku mmoja, na nyeupe haifidii nyekundu hata siku moja.

Mstari mmoja, yaani seti moja ya namba hizo 6, ni dola 2. Nyekundu peke yake, majimbo mengi hulipa dola 4.
Nyeupe mbili tupu? Hupati kitu, na hapo wengi huumia.
Zote 6, yaani jakpoti, zawadi kuu: nafasi moja kati ya 292,201,338.

Tarehe za kuzaliwa hazipunguzi bahati, lakini zinaishia 31. Wengi hujaza hizohizo, kwa hiyo ukishinda jakpoti ni rahisi kugawana na watu.

Na tafadhali, weka saini nyuma ya tiketi palepale dukani.

Mlioko Marekani, mnajaza wenyewe au mnaiachia mashine ya tiketi iwachagulie?