Maswali ya mjomba wangu wa Kyela kuhusu Icon of the Seas

Tangu nitue uwanja wa Songwe kwa likizo, kila nyumba ninayoingia naulizwa habari za meli ya kitalii niliyosafiri nayo kutoka Miami, Marekani, Icon of the Seas. Picha nilizoweka kwenye simu zilitangulia kufika kabla yangu. Dada zangu wa Uyole wanataka kujua chakula na bei, vijana wanataka kujua kama intaneti ilishika katikati ya bahari. Aliyenihoji vizuri kuliko wote ni mjomba wangu wa Kyela, ambaye ujana wake aliumaliza kwenye chumba cha injini cha meli ya abiria ya Ziwa Nyasa, Itungi hadi Mbamba Bay na kurudi. Hakuuliza habari ya bwawa la kuogelea hata moja. Tulikaa barazani kuanzia chai ya saa kumi mpaka giza likaingia, na nitaandika kwa kufuata maswali yake, maana mengi niliyoyaona kule niliyaelewa vizuri nikiwa pale kwake.

Alianza na ukubwa. Icon of the Seas ni meli ya kampuni ya Royal Caribbean, ilianza kubeba abiria Januari 2024 kutoka Miami. Urefu wake ni meta 365, sitaha 20. Nilimwambia apange viwanja vya mpira kama ule wa Sokoine pale Mbeya, vitatu na nusu, kimoja nyuma ya kingine. Vyumba vikikaliwa na watu wawili wawili inabeba abiria 5,610, na kila kitanda kikijaa wanafika 7,600. Ongeza wafanyakazi 2,350. MV Mbeya II yetu ya Ziwa Nyasa inabeba abiria 200, kwa hiyo abiria wa Icon iliyojaa wangehitaji Mbeya II thelathini na nane. Mjomba alirudia hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu.

"Sasa inazama kiasi gani majini?"

Kama meta 9 tu. Hapo alinitazama kwa muda. Kitu chenye urefu wa jengo la ghorofa ishirini, na chini ya maji kuna meta 9! Alitaka kujua kwa nini haipinduki, na nashukuru nilikuwa nimesoma kabla ya safari. Vitu vizito vyote viko chini: injini, matangi ya mafuta, matangi ya maji. Kwenda juu wanajenga kwa vyuma vyepesi, na sehemu kubwa ya sitaha za juu ni vyumba, vioo na hewa. Halafu ni pana sana, karibu meta 48 pale inapokatana na maji. Upepo ukichachamaa kuna mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji na kuituliza isiyumbe. Mjomba alisema mapezi hayo angeyapenda sana mwezi wa saba, upepo wa kusini unapoinua mawimbi upande wa Lupingu na abiria wote wakaanza kutapika.

Mimi jioni ya kwanza nilipanda sitaha ya juu kusubiri kuondoka. Nilikua nikisafiri na wazazi kwenye ziwa, na ninachokumbuka ni ule mtetemo wa injini unaoanzia kwenye nyayo na kupanda mpaka kwenye meno. Pale Miami niliusubiri, hakuna. Nilijua tumeondoka nilipoona majengo yanasogea. Watu walikuwa wanacheza muziki, mimi nilikuwa nimeshika chuma cha pembeni nikitafuta kuisikia meli. Nilipata hisia hiyo hiyo kila siku: ndani ya meli hii unaweza kukaa saa nyingi bila kukumbuka kwamba uko baharini. Katikati kuna bustani isiyo na paa, yenye mimea hai maelfu, na vyumba vya pande zote mbili vinaitazama kama nyumba za mtaani. Mbele kabisa kuna kuba la kioo lenye maporomoko ya maji ya meta 17. Kuna uwanja wa barafu wa kutelezea. Kuna mabwawa saba. Bustani ndiyo iliyonigusa. Mtu aliyelelewa kwenye migomba na mikokoa ya Kyela hawezi kupita penye majani mabichi bila kusimama, na asubuhi mapema, kabla watu hawajaamka, nilikuwa nakaa pale kuwatazama wafanyakazi wakiyahudumia.

"Injini gani hiyo isiyotetema?" Hili ndilo alilolishikilia zaidi, na ni haki yake.

Zipo sita, za Wärtsilä, na kazi yake ni kuzalisha umeme. Umeme ndio unaozungusha pangaboi tatu zilizoning'inizwa chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, kila moja ikiwa na mota yake ya megawati 20, na zinaweza kugeuka mzunguko mzima. Ukitaka meli iende kushoto, unageuza pangaboi zenyewe. Bamba la usukani halipo. Alinifanya nirudie hapo, kisha akamwita jirani yake, naye mzee wa ziwani, nikarudia tena kwa wote wawili. Injini zinatumia gesi asilia iliyopoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na kuchukua nafasi ndogo mara mia sita. Gesi wanaijua, ya Songo Songo inatajwa redioni kila siku. Gesi hii haina masizi na salfa kama mafuta mazito ya meli, ingawa wapo watetezi wa mazingira wanaosema sehemu ya methani, yaani gesi yenyewe, hutoroka bila kuungua na kuongeza joto la dunia, na hoja hiyo naiona ina uzito.

Maji ya kunywa nilidhani ni jambo dogo. Kwa baharia wa Ziwa Nyasa si dogo hata kidogo, kwa sababu yeye maisha yake yote alitumbukiza ndoo ubavuni akavuta maji ya kupikia. Nikamweleza kwamba Icon inatengeneza maji baridi yake mengi kutoka kwenye maji ya chumvi, kwa kuyasukuma kwa nguvu kwenye utando unaopitisha maji na kuacha chumvi. Watu karibu elfu kumi wanaoga na kupikiwa hivyo.

Kisha akauliza: "Walikuonyesha pa kukimbilia?"

Walinionyesha, na hili ndilo nililotaka kuwaeleza watu wa nyumbani kuliko mabwawa yote. Ukipanda tu, kabla ya kufurahia chochote, unatakiwa utazame video fupi ya usalama kwenye simu au kwenye runinga ya chumbani. Inakuonyesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, na mlio wa hatari: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Halafu unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, mfanyakazi anasoma kadi yako kwa mashine, jina lako linawekewa alama. Ambao hawajafika wanatangazwa na kutafutwa. Meli inajua nani ameshaonyeshwa njia na nani bado.

Utaratibu huu umelipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi la usalama lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kuondoka, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajalifanya. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Sisi tuna MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996. Mpaka leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tuna MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220 wakiwa karibu kabisa na gati. Mjomba alinieleza ugumu ambao sikuwa nimeufikiria. Kwenye vituo visivyo na gati, meli inatia nanga mbali kidogo, watu wanaletwa na mitumbwi usiku, kila mmoja na mizigo yake, mama ana mtoto mgongoni na gunia la usipa kichwani. "Tulihesabu magunia kwanza," alisema, "maana magunia ndiyo yenye risiti."

Naandika hili nikiwa na ndugu wanaopanda vyombo vya ziwani kila mwezi. Hatuhitaji mashine ya kusoma kadi. Inatosha baharia mmoja asimame na jaketi mkononi dakika tano, aeleze kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na karani aandike kila jina hadi la mtoto mchanga, kabla kamba haijafunguliwa. Mjomba alikubali, akaongeza kwamba majaketi yenyewe yasifungiwe stoo.

Kuhusu wafanyakazi, kila mmoja ana beji yenye jina na nchi yake: Ufilipino, India, Indonesia, Jamaika. Aliyehudumia meza yetu alikuwa kijana wa Mombasa. Alinisikia nikiongea na mume wangu, akainama: "Karibuni sana, dada. Mmetokea Bongo ipi?" Nikamwambia Mbeya, akacheka kwa furaha, kisha tukaongea kila jioni anapopata nafasi. Yuko kwenye mkataba wa miezi minane, na mwanawe ameanza kutembea akimtazama kwenye simu. Mimi nalea wazee Houston, na mama yangu mzazi namtazama kwenye simu hiyo hiyo. Hatukuhitaji kuelezana sana. Mjomba aliuliza wanalala wapi, nikamwambia sitaha za chini, wawili wawili. "Kama sisi," akasema.

Kwa mlioko Marekani mnaotaka kwenda: nauli inajumuisha chumba na chakula cha kawaida; soda, pombe, intaneti na migahawa maalumu unalipia pembeni, na kuna bakshishi ya kama dola 18 kwa mtu kwa siku inayoongezwa yenyewe. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ndivyo nafuu. Anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania aulize masharti ya viza ya kila kisiwa kabla ya kulipa, hata kama ana kibali cha ukaazi.

Lililomfurahisha mjomba kuliko yote nililiacha mwisho. Icon ilijengwa Turku, Finland, kwenye karakana ambayo familia ya Meyer ya Ujerumani iliinunua 2014. Ni familia hiyo hiyo ambayo karakana yake ya Papenburg ilijenga meli ya Graf von Goetzen mwaka 1913, ikaifungua vipande vipande, ikavipakia kwenye masanduku kama 5,000 hadi Dar es Salaam, vikaenda kwa reli mpaka Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Mjomba aliwahi kufika Kasanga kuiona, na aliingia chumba cha injini kabla ya kwenda kusalimia wenyeji wake.

Sasa anataka kujua kama mafundi wa Turku wanapokea wanafunzi kutoka Tanzania, kwa sababu mwanawe wa mwisho anasomea uhandisi mitambo pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nimemuahidi kuulizia kabla likizo haijaisha. Msomaji aliyeko Finland anayeijua njia, tafadhali aniandikie. Ndaga fijo, asanteni sana.