Ulikuwepo?

Tangu usiku wa Jumanne kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa changu, halimezeki wala halitemeki. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: Hamisi ameoa Pangani tukimshuhudia kwa simu, Rehema amepata barua yake ya chuo, nami nimefaulu ule mtihani wa leseni niliowalilia hapa tangu Novemba. Hata hivyo, kila nikikaa kuandika, kinachonijia ni kijiko, kifuniko cha chupa ya dawa, na swali la Mzee.

Namzungumzia yuleyule wa chumba cha mwisho, ambaye nilipomweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa Mzee alilipokea neno hilo kama cheo, na sasa wahudumu wenzangu wakimwita vingine haitiki. Katika miaka minne ya zamu za usiku hapa Bangor, jimbo la Maine, Marekani, yeye ndiye aliyenifundisha hoki ya barafuni, hasa ile ya Chuo Kikuu cha Maine, kilichoko Orono, mwendo wa robo saa tu kwa gari kutoka hapa. Hoki ya chuo katika sehemu hizi si jambo la wanafunzi peke yao. Mafundi bomba, makarani wa benki na wajane wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu wote wana mechi zao, na kila mmoja anaitunza mechi yake kama hati ya kiwanja.

Mechi ya Mzee ni fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani ya tarehe 3 Aprili 1993. Yeye na rafiki yake waliendesha gari siku mbili, zaidi ya kilomita elfu mbili, hadi Milwaukee. Maine ilikuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, ule wa mabao 7 kwa 6 dhidi ya Boston University katika muda wa nyongeza, tena nyumbani, na bado ungemkuta Mzee akimlaumu mwamuzi. Fainalini, mbele ya chuo cha Lake Superior State, waliingia kipindi cha tatu wakiwa nyuma kwa mabao 4 kwa 2. Nahodha wao, Jim Montgomery, akafunga matatu mfululizo katika muda usiotimia dakika tano, na yote matatu yalianzia kwenye pasi za Paul Kariya, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Wakashinda 5 kwa 4. Kuna fainali nyingine, ya mwaka 2002, ambapo zilibaki sekunde 53 tu Maine iwe bingwa kabla Minnesota haijasawazisha na kuja kushinda katika muda wa nyongeza. Hiyo Mzee haisimulii, na ukiitaja huomba azimiwe taa.

Mimi nayajua haya kwa sababu niliyasoma. Usiku mmoja, nikitaka kumfurahisha, nilikaa na simu yangu chumba cha chai nikausoma mchezo wote tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Jumanne alikuwa amechangamka. Alichukua kile kifuniko cheupe cha chupa ya dawa, akakiweka juu ya trei ya chakula kiwe kile kisahani cheusi kinachochezwa barafuni, akakisukuma kwa kijiko kikazunguka glasi ya maji iliyokuwa goli. Mkono wake unatetemeka siku zote, lakini katika kukisukuma kile kifuniko haukutetemeka. Kikateleza, kikapita kando ya glasi, kikasimama ukingoni.

"Na hapo Kariya akafunga," akasema.

"Samahani, Mzee," nikasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeokota kitambaa kilichoanguka, "aliyefunga ni Montgomery. Kariya alitoa pasi."

Alikitazama kifuniko. Akakichukua, akakirudisha kwenye chupa yake, akakikaza mpaka kikalia.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, Mzee."

"Basi."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinigeuzia ukuta, nami nikaondoa trei nikatoka. Nimeirudia sentensi ile nadhani mara mia, nikijaribu kuipunguzia maneno: laiti ningeishia kwenye "samahani", au ningecheka tu, au ningeuliza Kariya alisimama upande gani. Mwaka 1993 nilikuwa Tanga, darasa la sita, na barafu niliyoijua ni ile ya kufungwa kwenye vifuko vya nailoni tuliyoinyonya wakati wa mapumziko.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nimelelewa na mwenye mechi. Marehemu baba alikuwapo Uwanja wa Taifa tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga mabao 6 bila, na Abdallah Kibaden akafunga matatu peke yake. Kadiri miaka ilivyosonga, katika masimulizi ya baba Kibaden alifikisha manne, na Idi moja, kulipokuwa na wageni, matano. Sisi watoto tulizijua hesabu, mama alizijua, hata jirani yetu shabiki wa Yanga alizijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Sasa kwa nini adabu niliyompa baba nikamnyima huyu? Baba Rehema anasema ni uchovu. Mimi sidhani, nadhani nilitaka nionekane najua.

Jumapili rafiki yake alikuja, yule wa kofia ya sufu ya buluu, na kwa kuwa dhamiri ilikuwa ikinichoma nilimsimamisha ukumbini nikamweleza yote. Aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Kumbe hilo la Kariya ni ugomvi wao wa zaidi ya miaka thelathini. Walianza kubishana ndani ya gari wakirudi kutoka Milwaukee: Mzee akishikilia kwamba bao ni la aliyetoa pasi, mwenzake kwamba ni la aliyelitia wavuni, na tangu hapo Mzee husema "Kariya akafunga" makusudi, apate kujibiwa. Tulipoingia chumbani, Mzee alininyooshea kidole akamwambia, "Huyu naye ni wa upande wako." Walibishana saa nzima, mimi nikiwa nimekabidhiwa kijiko nisimame mahali pa Montgomery, na nilikosa bao mara mbili kati ya tatu.

Nilirudi nyumbani nikiimba, na Rehema akaniuliza nimekula nini.

Ila usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba rafiki yake, kabla ya kucheka, alinyamaza kidogo. Si kitambo kirefu. Ni muda wa mtu kutazama mlango wa chumba kisha kunitazama mimi. Huenda alikuwa akishangaa tu kwamba ugomvi wao umefika mpaka kwa mwanamke wa Tanga. Huenda pia alikuwa anatunga, na Mzee kule ndani, aliyesikia kicheko na ambaye masikio yake bado ni mazima kuliko yangu, akaudaka uongo ule jinsi mchezaji anavyodaka pasi. Sitamuuliza. Jana amenisimulia tena, na Kariya amefunga, nami nimejibu "Montgomery" kwa sauti kubwa, naye akatabasamu. Lakini kifuniko alikuwa ameshakirudisha kwenye chupa kabla sijajibu.

Leo nimempigia simu mara tatu fundi anayeezeka chumba cha mama. Mara ya mwisho alipokea akaniapia kuwa mabati yameshafika na kazi inaendelea. Mama anasema hajaona hata msumari, na Tanga masika yameanza.