Jana hukukuna

Jumanne baada ya alasiri napita kichochoroni na mfuko wa nyanya mkononi. Bimkubwa wa nyumba ya pili amekaa dakani kwake, kwenye baraza ya mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele. Nimemwamkia, ameitikia. Nimeshapiga hatua mbili mbele ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Mwanangu, jana hukukuna."

"Nilikula mkate, Bimkubwa."

"Na juzi ulikuna hata ukafika kifuuni. Nazi yako yalia."

Nikacheka kile kicheko cha kutafutia mlango, nikapita. Basi, ni hayo tu. Leo Jumamosi na bado yamenikwama kama mwiba wa samaki tafi: ukimeza mate upo, ukinywa maji upo.

Mengine ya wiki hii: mkataba wangu wa kazi umeongezwa mpaka mwisho wa Oktoba, dada amejifungua salama kule Voi, mtoto wa kiume, na sanduku la nne la hati limekwisha kupigwa picha. Haya, turudi kwenye nazi.

Kwanza nilijiuliza amesikiaje. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima. Watu wagombane upande wa pili wewe husikii neno. Lakini jiko haliko ndani ya kuta hizo. Huku Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, jiko huwekwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto vipae juu, visiwashukie watu. Kati ya jiko langu na lake kuna ukuta unaonipita kimo kidogo, na juu ya ukuta ni hewa tupu. Halafu huu ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo umeshika tangu Aprili, na nyumba yake iko upande wa kaskazini wa yangu. Kila kinacholia kwangu huchukuliwa na kutuliwa kwake: kifuniko cha sufuria, kikohozi, redio, na zile simu ninazompigia mama nikimdanganya kwamba nimenenepa. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo zaidi, kwa sababu miguu yake imekaa juu ya sakafu, na sakafu ya darini ni ngoma.

Kwa hiyo amekuwa akinisikia miezi mitano. Hilo peke yake lilinichoma. Kilichonichoma zaidi ni kwamba, kama mnavyokumbuka, mwezi wa tano nilijisifu hapa kwamba suala la nazi nimelimaliza. Mtu wa bara niliyezoea nazi mbili kwa mwezi, tena nikikunia kwenye kikuno cha bati, sasa nakaa juu ya mbuzi kama mzaliwa. Nikawapa hata maelekezo. Ya kuchagua bado nayasimamia: isukesuke sikioni, maji yakicheza ni nzima, ikinyamaza imekauka au ina ufa ikavujisha. Tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu irudishe kwa mwenyewe. Ya kupasua pia nayasimamia: ishike kiganjani juu ya bakuli, uigonge kiunoni kwa mgongo wa panga, si kwa makali, huku unaizungusha baada ya kila pigo. Mapigo manne, matano, ufa unaizunguka wenyewe. Ukiikazania mahali pamoja itatoka vipande vitatu, na kipande kisicho na umbo la bakuli hakikuniki; kitakachokunwa ni vidole vyako.

Ya kukuna ndiyo nayafuta. Niliandika "kandamiza". Msikandamize. Nilikuwa naishika ile nusu kwa mikono miwili, naisukuma kwenye meno ya mbuzi kwa uzito wa mabega, mahali pale pale mara kumi, kumi na tano, kabla ya kugeuza. Meno yanachimba shimo. Shimo linafika ile ngozi ya kahawia, kisha kifuu chenyewe, na huku kando ya shimo nyama bado nene kama kidole. Ndiyo maana tui langu lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, na wali ukawa na uchungu wa mbali ambao mimi nilimlaumu muuza mchele. Nilimhama kabisa yule bwana, nikahamia duka la mtaa wa Langoni. Maskini wa Mungu.

"Nazi yako yalia." Nimeisema peke yangu mara ngapi sijui. Nyama ya nazi ikikunwa vizuri hutoa sauti ya mtu anayefagia mchanga mkavu. Meno yakigusa kifuu husikika kri, kri, kavu, kama kucha juu ya ubao wa shule. Nilikuwa naisikia. Nilidhani ndiyo sauti ya kazi.

Na lile la kwanza, "jana hukukuna"? Hilo nimeligeuza kila upande. Jumanne usiku niliona ni upekuzi. Nikajiambia, sasa huyu anahesabu nazi zangu, kesho atahesabu mashati kwenye kamba. Nikatunga majibu ya ukali kama manne hivi, yote mazuri, yote yamechelewa. Jumatano asubuhi nikaona labda alikuwa anauliza tu. Jumatano mchana sikupata nafasi ya kuona lolote: ilikuwa bamvua, siku za bahari kujaa na kutoka kupita kawaida, na siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, hujaa saa kumi. Mtungi wangu wa gesi ulikuwa unakuja na boti kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, nami kwa ujuha nikashuka gatini saa nne kamili. Boti imekaa chini huko kama iko kisimani, ngazi zina ule ukijani unaoteleza kuliko bamia. Hamali akanitazama, akaniambia, "Ndugu yangu, rudi saa nane." Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, mwenye kalenda ya mwezi ukutani hapandi ngazi ya ukijani na kilo za gesi begani. Yangu ninayo. Siitazami.

Ukweli wa mkate ni huu. Nazi moja si chakula cha mtu mmoja. Kikombe kimoja cha mchele hunitosha mchana na usiku, na kikombe kimoja chataka kikombe na nusu cha tui. Hiyo ni nusu ya nazi yenye afya. Nusu ya pili ndiyo mtihani. Friji ya mwenye nyumba ilikufa mwezi wa tatu, mabomba yake ya nyuma yameliwa na kutu ya chumvi mpaka gesi ikaisha. Nusu ya nazi ukiifunika kifudifudi kwenye sahani hufika kesho mchana, basi. Kesho jioni inateleza, ina harufu ya sabuni, na pembeni imeanza wekundu. Dawa yake ni kukuna zote mbili siku ile ile, kukamua, na lile tui zito la akiba kulichemsha papo hapo na chembe ya chumvi, unakoroga bila kuacha mpaka lianze kupanda, kisha unalipoza wazi. Ukilifunika lingali moto litachacha usiku huo huo. Ukiacha kukoroga litakatika, mafuta juu, maji chini.

Najua yote hayo. Jumapili sikuyafanya. Jumatatu nusu yangu ikateleza, nikaitupa, na kushuka ngazi zote zile kwenda kununua nyingine kwa ajili ya sahani moja kukanishinda. Mkate niliula nimesimama, mkono mmoja kwenye ukuta, chai imekwisha kupoa. Sijui kwa nini hilo la kusimama ndilo lililonikaa. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi nilipanda jikoni alfajiri, kabla ya jua kufika kwenye makuti. Nikapasua nazi vizuri. Nikakaa. Nikawa nakuna kwa siri, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani, polepole, nikisikiliza. Mara ya tatu, ya nne. Ya tano ikasema kri.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, bila salamu, bila jina:

"Geuza."

Nikageuza.

Nikakuna mara tatu. "Geuza." Nikageuza. Mara mbili. "Geuza." Ikaendelea hivyo nusu nzima ya nazi. Sikumwona hata ukaya, ule mtandio wake. Nadhani alikuwa kwenye shughuli zake, maana katikati ya "geuza" na "geuza" nilisikia maji yakimiminwa na kinu kikisogezwa. Mara moja tu aliongeza neno: "Si nguvu." Nilipoanza nusu ya pili hakusema kitu, nami nikawa najigeuzia mwenyewe, kila mapigo mawili au matatu, kiganja kimelegea, meno yanakwangua juu juu. Ukiifanya hivyo nyama hupungua sawasawa kama mwezi unavyopungua. Unaacha inapoanza kuonekana ile kahawia. Kinachobaki kifuuni ni utando tu. Waachie kuku wa watu.

Tui lilitoka jeupe. Nazi iliyokunwa niliitia maji ya uvuguvugu nusu kikombe tu, nikaipekecha kwa vidole mpaka ikaanza kuteleza, nikaikamua kwenye kifumbu: hilo la kwanza, zito, nikaliweka kando. Maji mengine kikombe na robo, nikakamua tena: hilo ndilo la kuchemshia. Mchele unaingia kwenye tui jepesi na chumvi; maji yakikaribia kukauka na vishimo vikaonekana juu, ndipo unamimina lile zito, unageuza mara moja, unapunguza moto. Wenye mkaa hupalia, makaa chini na juu ya kifuniko. Mimi wa gesi huweka bamba la bati chini ya sufuria, la sivyo chini huungua na juu bado ni mbichi. Dakika kumi na tano. Nilikula nimekaa, mkekani, na samaki changu mmoja aliyenigharimu kama watatu, kwa sababu kusi ikivuma hivi wavuvi hawatoki nje ya mlango wa bahari, na samaki wa ndani ndio hao hao tunaogombea.

Ijumaa asubuhi (msinicheke) nilikigusa kifuu kusudi. Kri. Nikanyamaza, nikasikiliza. Kimya. Nikakigusa tena. Kimya, upepo tu na makuti. Nikajiambia ametoka, au amechoka nami. Nikamaliza nazi yangu, nimenyong'onyea kama mtoto aliyejificha asitafutwe.

Baada ya Ijumaa napita kichochoroni, yuko dakani. Nimemwamkia, ameitikia. Nikapiga hatua mbili, nikazipiga polepole.

"Asubuhi ulikuwa wanitezea."

Kuteza kwao ni kucheza. Hiyo niliijua, si kama ile ya "ndoo", yaani njoo, ambayo wiki ya kwanza nilipoitwa "ndoo hapa" niliingia ndani nikatoka na ndoo. Nikasema, "Nisamehe, Bimkubwa." Akasema, "Nazi ni pesa." Akarudi kwenye mchele wake. Sikuona kama alikuwa akicheka, ukaya ulikuwa umeshuka, lakini ungo ulitikisika mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Nimekaa naihesabu ile hatua ya upepo. Kusi inanipeleka mimi kwake. Kaskazi ikiingia itageuka: mbuzi yake italia, mimi nitaisikia. Nitajua siku aliyokuna na siku ambayo hakukuna. Kaskazi hushika vizuri Desemba. Mkataba unasema Oktoba.

Maji, kwa walioniuliza: yalikatika Jumapili yakarudi Jumatano. Birika la bafuni lilikauka kabisa ila ile bakuli ya kaure iliyojengewa sakafuni mwake, na wale samaki wawili wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu walijibana humo siku tatu. Wote wazima. Aliyebuni bakuli ile alijua mambo.

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Tangu Alhamisi kila asubuhi nakuta unga juu ya chandarua, laini, rangi ya chai ya maziwa, kama nusu kijiko. Mchwa hujenga vijia vya udongo; unga mkavu namna hii ni dumuzi, mdudu atoboaye mbao. Dari ya chumba changu ina boriti ishirini na mbili za mkoko. Jana usiku nilipanda juu ya kiti nikazigonga moja moja kwa mpini wa ufagio. Ishirini na moja zinajibu sawa. Ya kumi na nne kutoka dirishani inajibu kama boksi tupu. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa, shibiri mbili hivi, na juu ya chokaa, nimepima kwa hatua, ndipo ninapoweka mbuzi.