Michirizi ya ngozi: tazama rangi yake kabla ya kufungua pochi

Simama kando ya dirisha asubuhi, mwanga ukikupiga ubavuni na si usoni. Taa ya dari huificha michirizi, ile mistari inayotokea ngozini mtu akinenepa au kurefuka upesi, mwanga wa pembeni huianika. Kisha angalia rangi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu rangi ndiyo itakayokwambia kama pesa utakayotoa itafanya kazi au itazama baharini Kilindini.

Picha nyingi za mitandaoni ni za ngozi nyeupe, kwa hivyo watu hungoja kuona wekundu. Kwa ngozi zetu mchirizi mchanga huwa wa zambarau, wa hudhurungi iliyokolea, au mweusi kuliko ngozi iliyouzunguka. Huwa umeinuka kidogo, na mara nyingi huwasha. Mchirizi uliokomaa umeshapoteza rangi hiyo: ni mweupe-mweupe, kama fedha, umebonyea, na ukiupitishia kidole macho yamefumba unahisi kijibonde. Kutoka hali ya kwanza hadi ya pili ni miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi. Katika muda huo mwili bado unakarabati na dawa ina mahali pa kushika. Ukishakuwa mweupe ni kovu. Kovu hulainishwa, hupunguzwa, hufichwa. Kufutika, hapana.

Na ni kovu la ndani. Ngozi ya juu haikuchanika, ndiyo maana hutoki damu. Kilichokatika ni nyuzi za kolajeni na elastini katika tabaka la kati, zile zinazoipa ngozi uimara na uwezo wa kurudi ikivutwa. Mwili ukitanuka upesi kuliko nyuzi zinavyofumwa upya, zinaachia. Homoni ya kotisoli nayo, ikizidi, huzidhoofisha chembe zinazofuma nyuzi hizo. Kwa hivyo kasi ina uzito kuliko kilo zenyewe: mtu anaweza kuongeza kilo 15 kwa miaka sita asione hata mstari, na mwenzake akapata tumbo zima kwa kilo nane za miezi mitatu. Asili ya ukoo nayo ina sauti. Ukiona mama na khalati wanayo, jihesabie uko kwenye foleni.

Hapa Mombasa vipindi vya kunenepa ghafla vinajulikana. Arubaini, mzazi akinyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya samli huku akiambiwa asinyanyue hata sufuria. Sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu, ambayo baadhi ya wanawake huwaongezea uzito. Vijana wanaonyanyua vyuma, ambao huipata pale kwapa linapokutana na kifua. Wavulana wanaorefuka kwa kishindo huipata mgongoni, imelala mlalo mmoja juu ya mwingine, na si mara moja imedhaniwa kuwa alama za kiboko. Kabla ya kumuuliza nani kamchapa, mpime urefu.

Kupungua hakuiondoi. Mara nyingine ndipo inapoonekana zaidi, maana mafuta yaliyokuwa yakiivuta ngozi yameondoka na ile iliyolegea inakunjamana kando ya makovu. Ukipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ngozi hupata muda wa kufuata mwili. Mwenye ngozi iliyoning'inia baada ya kupungua kilo nyingi ajue kwamba hakuna krimu inayoikaza. Upasuaji wa tumbo huondoa michirizi ile tu iliyo kwenye kipande cha ngozi kinachokatwa, kwa kawaida chini ya kitovu. Ya ubavuni inabaki palepale.

Sasa tuje kwenye balaa la mji wetu, ambalo ni krimu zenyewe.

Ngozi hapa hailali kavu, hasa kaskazi inapopiga Januari hadi Machi. Jasho linakaa kwenye kinena, chini ya matiti, kwapani, na fangasi hufurahi. Mtu anawashwa, anaona haya kumwonyesha daktari, anaingia duka la dawa na kusema kwa sauti ya chini, "Nipe krimu ya kuwashwa." Anapewa ile ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi (dawa inayofanya kazi kama ile homoni ya kotisoli) ndani ya tyubu moja. Kwa siku tatu ni raha tupu, kwa sababu steroidi inazima mwasho. Akiacha, mwasho unarudi, anapaka tena. Baada ya wiki kadhaa, mapajani kwa ndani kumetokea mistari mipana ya zambarau, na hajanenepa hata gramu. Mikunjo ya mwili hunywa steroidi kwa wingi kuliko ngozi ya mkono au mguu, na kubanwa na nguo kunaongeza. Ngozi inakuwa nyembamba, nyuzi zinaachia. Michirizi hiyo haiondoki, na fangasi wenyewe mara nyingi bado wapo, wametandaa zaidi.

Soma boksi. Ukiona neno clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi kali, si ya kinena wala ya kujinunulia. Choa cha kinena hutibiwa kwa clotrimazole asilimia 1 peke yake, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na unaendelea hata baada ya mwasho kutulia. Jikaushe vizuri baada ya kuoga, vaa chupi ya pamba, na suruali ya jinzi iache ipumzike.

Mkorogo wa kung'arisha ngozi ni ndugu wa tatizo hilohilo. Kopo lisilo na lebo, limekorogwa dukani, muuzaji anasema ni "mitishamba mitupu". Krimu nyingi za aina hiyo zimekutwa na steroidi, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au zebaki. Mtu anaipaka mwili mzima ili aing'arishe michirizi, anazalisha mingine. Huu ndio mzunguko wa kukata kwanza. Ukiendelea na mkorogo, yote yanayofuata hapa chini ni kazi bure. Ila kama umeutumia kwa miezi, usiukate peke yako kwa siku moja: ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu na kuungua. Pitia kwa daktari wa ngozi akushushe taratibu.

Mafuta, basi. Ya nazi, ya zeituni, siagi ya kakao: yanalainisha, yanatuliza mwasho, yananukia vizuri. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi imara kwamba krimu au mafuta yoyote ya kupaka huzuia michirizi ya mimba. Paka kwa raha zako, baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, usitarajie muujiza. Mgongoni na kifuani, kwa joto letu, mafuta mazito huziba vinyweleo na kuleta vipele. Liwa na kusingwa kabla ya harusi, hali kadhalika: bi harusi ananawiri, ngozi inang'aa, kovu lililo ndani halijaguswa. Kumkanda mzazi kuna faida zake, ila kuivuta ngozi ya tumbo kwa nguvu hakuunganishi nyuzi zilizokatika.

Ndimu usipake. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza: malengelenge kesho, baka jeusi la wiki au miezi baadaye. Magadi, msasa na jiwe la kusugulia visigino viache mahali pake pia.

Dawa ya kupaka yenye ushahidi kwa mchirizi mchanga ni tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996, watu 22 wenye michirizi michanga waligawanywa, wengine wakapaka ya asilimia 0.1 kila siku kwa wiki 24, wengine krimu isiyo na dawa. Waliopaka dawa, urefu wa michirizi ulipungua kwa wastani wa asilimia 14 na upana asilimia 8. Ona ukubwa wa faida yenyewe: ipo, lakini si ya kabla-na-baada kama kwenye matangazo. Kwa michirizi meupe usiitegemee.

Inatakiwa iandikwe na daktari. Mjamzito haitumii, anayetafuta mimba haitumii, anayenyonyesha aulize kwanza. Hapo ndipo penye ugumu kwa wazazi: dirisha la mchirizi mchanga linafunguka wakati uleule dawa haifai. Hakuna njia ya mkato. Anayenyonyesha, daktari akimkataza, anaweza kujilainishia ngozi tu na kufikiria baadaye zile sindano ndogondogo za mashine nitakazozieleza chini.

Kwa anayefaa, anza na nguvu ndogo, asilimia 0.025 au 0.05, mara tatu kwa wiki. Wakati mzuri ni baada ya Isha, maana usiku hakuna jua na huna udhu mwingine mpaka alfajiri. Oga, jifute, ngoja dakika 20 ngozi ikauke kabisa. Ngozi yenye maji hunywa dawa zaidi na kuungua. Dawa inayofika kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Paka safu nyembamba, fuata mistari. Juu yake paka krimu ya kawaida ya kulainisha isiyo na manukato. Baada ya wiki mbili bila kuungua, usiku mmoja paka, mmoja pumzika. Kisha kila usiku ukivumilia. Kubanduka kidogo ni kawaida. Kuwaka moto na kuvimba si kawaida: acha siku tatu nne, rudi kwa kipimo cha chini. Kwenye ngozi nyeusi kuungua huacha weusi unaodumu kuliko mchirizi wenyewe, na wengi huharibikiwa hapo kwa pupa.

Piga hesabu kabla ya kuanza. Eneo la viganja vinne ni gramu moja kwa usiku, tyubu ya gramu 30 ni mwezi, na wiki 24 ni tyubu tano au sita. Anayetaka tumbo, mapaja na mikono kwa pamoja atafilisika mwezi wa pili na kuacha katikati. Chagua sehemu moja yenye michirizi michanga zaidi. Tyubu usiiweke dirishani wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Mwanga na joto huiharibu. Droo yenye giza, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, inatosha. Na sehemu unayopaka usiing'oe nywele kwa nta ya sukari: ngozi itatoka na nta.

Kwa michirizi meupe kilichobaki ni kuichokoza ngozi ijifume upya. Sindano ndogondogo za mashine ndizo salama zaidi kwa rangi zetu. Hupenya milimita 1.5 hadi 2.5, ganzi ya kupaka ikikaa nusu saa hadi saa moja kabla, na hurudiwa mara tatu hadi sita, wiki nne hadi sita katikati. Kirola cha nyumbani cha milimita 0.3 hakifiki kwenye kovu. Cha milimita 1.5 kinafika, na kwa sababu hiyohiyo hakifai kushikwa chumbani mbele ya kioo, sembuse kuazimana na shoga yako: damu ni damu, na homa ya ini haichagui rafiki. Kliniki ikufungulie kichwa kipya cha sindano mbele ya macho yako. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua aseme mapema, pengine aambiwe asifanye kabisa. Baada yake, siku tatu hakuna bahari wala bwawa, na mkanda wa kubana tumbo usiufunge.

Leza inahitaji maswali zaidi. Ile mashine ya mwanga mkali inayotoa nywele haifai kwa michirizi ya mtu mweusi. Rangi ya ngozi huunyonya mwanga na kuungua. Uliza ni leza ya aina gani, mawimbi yake yana urefu gani. Zinazopendelewa kwa ngozi nyeusi ni zile za mawimbi marefu, kama nanomita 1540 au 1550, kwa nguvu ya chini. Omba wajaribu mahali padogo pasipoonekana na mngoje wiki nne. Anayekataa kujaribu anataka pesa ya leo.

Jua huzidisha tofauti: ngozi nzima inakolea, kovu jeupe halikolei sawa, mistari inang'aa. Chini ya buibui au dera zito huhitaji kitu. Ukienda kuogelea Nyali na mapaja wazi, krimu ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, kama mililita 30 kwa mwili mzima, na urudie kila saa mbili na kila utokapo majini.

Piga picha kila wiki nne, dirisha lilelile, saa ileile, rula kando ya mstari. Rangi hubadilika kwanza, kina baadaye sana. Wiki ya 12 bila tofauti yoyote kwenye mchirizi mchanga ni sababu ya kurudi kwa daktari, si ya kuongeza dawa.

Na kuna michirizi isiyo ya urembo. Mipana zaidi ya sentimita moja, ya zambarau, imetokea bila mimba wala kula kupita kiasi, pamoja na uso kuwa wa duara, mikono na miguu kukonda tumbo likikua, michubuko kwa kuguswa tu, presha au sukari kupanda: hapo kotisoli inahitaji kupimwa. Anayemeza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, kwa pumu au kwa maumivu ya viungo anaweza kuona hali hiyohiyo, na asiache vidonge ghafla hata akikasirishwa na kioo. Mwili uliozoea kuletewa homoni hauwezi kuanza kuitengeneza siku hiyohiyo, na mtu huzimia. Kwa miadi ya daktari chukua mfuko utie kila unachopaka na kumeza: tyubu, boksi, vidonge, na lile kopo lisilo na lebo ambalo ungependa libaki nyumbani.