Dumu la maji Langoni

Jana saa kumi alfajiri nimeamshwa na mfereji, ule mlio wake wa khaaa kabla maji hayajatoka, nikaruka kitandani maana huku kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, maji yakija hayangoji mtu. Mamangu kesharauka, ananambia usisahau birika, wale samaki watanifia. (Birika la chooni tunafuga visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu, mambo ya wazee hayo na yanashinda dawa ya kupuliza wallahi.) Nimekinga ndoo moja na nusu, mfereji ukakauka.

Kisima tunacho uani ila maji yake chumvi tupu, sabuni haitoi povu na chai ukiipikia ni ya kumwaga. Basi labaki dumu. Kijana wa punda wiki iliyopita alikuwa anauza thelathini, jana ati hamsini, namwambia mwanangu mbona hivo, anajibu punda naye anakula. Nilicheka lakini nimelipa.

Mimi angalau nna kibarua. Jirani yangu mumewe mvuvi na saa hizi ni kusi, bahari chafu, mashua iko juu wiki ya pili. Zamani kusi ikivuma walikuwa wanavua humu humu ndani ya mkondo bila kutoka bahari kuu, mpaka pakachimbwa bandari. Mahakama kuu ya Malindi iliamuru 2018 wavuvi karibu 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo, nikimtajia mzee huyo asema hizo bilioni mimi nazijua kwa redio. Mkewe anunua dumu moja la kunywa na kupikia, kufua na kuogesha watoto ni ya kisima, ngozi zinawawasha kutwa wajikuna.

Na maji matamu ya mji huu mengi yanatoka hapo kijiji cha Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha mchanga unayanywa na kuyachuja, yanaelea juu ya yale ya chumvi, ukivuta kupita kiasi chumvi yapanda juu. Sasa ni huko huko Shela majumba ya wageni yanakojengwa, mengine na bwawa la kuogelea, bahari iko hapo mbele yao hatua mbili!! Hilo ndilo linanikera kushinda hata bei ya dumu.

Leo nimetega simu inamshe saa kumi. Mfereji ukalia khaaa, nikakaa na ndoo yangu mpaka adhana. Upepo tu.