Nilivyoacha kubahatisha (s) na (aq)

Mwaka jana nilijisajili kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, nikiwa mtahiniwa wa kibinafsi, miaka 12 baada ya kuacha shule. Kwenye kemia, kusawazisha milinganyo niliimudu mapema. Kilichonitesa ni vile viherufi vya mabano: (s) yabisi, (l) kiowevu, (g) gesi, na (aq) kitu kilichoyeyuka majini.

Mwalimu wa tuisheni huku Eastlands, Nairobi, alituambia: "Metali wekeni s, gesi g, hayo mengine yote aq. Msipoteze muda." Nilimwamini. Kwenye mtihani wa majaribio nikaandika CaCO₃(aq), BaSO₄(aq), AgCl(aq), vitu ambavyo haviyeyuki majini, na kila mahali nikakatwa nusu alama. Hadi leo nikikumbuka ushauri ule damu hunichemka, maana tuliulipia.

Nikaamua nijionee. Jioni nilipita kwa jamaa anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari pale stejini, nikamwomba maganda. Akanifungia bure kwenye gazeti. Siki ya dukani haikufika shilingi mia mbili. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ile CaCO₃. Moja nikalitia kwenye glasi ya maji, jingine kwenye siki. La maji lililala hivyo hivyo hadi asubuhi, gumu kama nilivyoliacha. La siki lilianza papo hapo: vipovu vidogo viling'ang'ania ganda kama shanga, kimoja kikiachia na kupanda juu, kingine kinashika nafasi yake.

CaCO₃(s) + 2CH₃COOH(aq) → Ca(CH₃COO)₂(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Kama kaboneti ile ingekuwa ya kuandikiwa (aq), ningelikosa ganda langu kwenye glasi ya maji. Na maji yenyewe usiyape (aq) kamwe; yatayeyukaje ndani ya maji?

Kisha nikataka kuiona ile gesi ya vipovu, kaboni dayoksaidi (CO₂), ambayo pia imo kwenye pumzi zetu, ikigeuka yabisi. Shemeji yangu ni fundi wa ujenzi, akanichotea chokaa kutoka mfuko uliokaa wazi miezi mingi. Nikakoroga, nikaacha itulie usiku kucha, nikamimina maji ya juu yaliyo maangavu, nikapuliza kwa mrija. Hakuna kitu. Nikapuliza hadi mashavu yakauma. Nikarudia siku ya pili, na ya tatu. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipong'amua: chokaa iliyoachwa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani, ikageuka kalsiamu kaboneti, kitu kile kile cha ganda la yai, kisichoyeyuka! Siku zote tatu nilikuwa napulizia maji matupu. Nikanunua chokaa mpya kwa hadiwea, pumzi chache tu, glasi ikawa kama maziwa.

Ca(OH)₂(aq) + CO₂(g) → CaCO₃(s) + H₂O(l)

Ule weupe ndio (s). Ukijaribu, kinga macho, chokaa inachoma, na mrijani upulize tu, usivute.

Baada ya hapo kukariri kulikuwa kwepesi. Nitreti zote huyeyuka, na chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Kaboneti haziyeyuki, ila za hao watatu. Kloraidi nyingi huyeyuka, lakini ya fedha hapana, na ya risasi hutaka maji moto.

Mtihani uliofuata ulileta magnesiamu. Ikikutana na maji baridi, (l), inatoa Mg(OH)₂ (magnesiamu hidroksaidi), tena polepole mno. Ikipitishiwa mvuke, (g), inawaka na kuacha MgO (magnesiamu oksaidi). Herufi moja tu, na jibu zima limebadilika. Swali lilisema mvuke. Nikaandika Mg(s) + H₂O(g) → MgO(s) + H₂(g), na karatasi ikarudi bila nusu alama hata moja kukatwa pale.